Maji Humshika Mwogeleaji Wapi?

Papa hufika Likawage akiwa mkavu. Kata hii ya wilaya ya Kilwa iko bara, katika misitu ya mpingo na mninga, na samaki mkubwa wa baharini huonekana huku akiwa vipande vilivyotiwa chumvi na kuanikwa juani. Ukipata kipande chenye ngozi, usikiloweke upesi. Pitisha kidole kutoka upande wa kichwa kuelekea mkiani, kitateleza. Sasa kirudishe kinyumenyume, kutoka mkiani kuja kichwani. Kitakwama na kukwaruzwa, maana ngozi hiyo ni msasa kamili, na maseremala wa nchi nyingi waliitumia kulainishia mbao kabla ya msasa wa karatasi kuenea.

Kinachokwaruza ni meno. Ngozi ya papa haina magamba kama ya changu. Imefunikwa na vimeno vidogo visivyo na idadi, kila kimoja kikiwa na kiini laini ndani, dentini katikati na ganda gumu juu, muundo uleule wa jino la mdomoni. Vyote vimelala vikielekea mkiani, na mgongoni mwa kila kimeno mna matuta membamba yanayofuata urefu wa mwili. Kwa papa wa kasi, nafasi kati ya tuta na tuta hukaribia unene wa unywele.

Ukoo wa papa ni mkongwe mno. Kusini ya Likawage, ng'ambo ya mto Mbwemkuru, kuna kilima cha Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Wengi wanamjua yule mwenye shingo ndefu aliyesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Mimi huvutiwa zaidi na vitu vidogo vilivyotoka katika mawe yaleyale: meno ya papa wa kale, na ya taa ambaye wataalamu wamempa jina la Engaibatis. Miaka ipatayo milioni 150 iliyopita bahari ilifika pale, na papa walikuwamo.

Basi haishangazi kwamba watengenezaji wa mavazi ya kuogelea walipotafuta mwalimu katika viumbe, walimchagua papa. Mwaka 2000, kabla ya Olimpiki ya Sydney, kampuni ya Speedo ilitoa vazi liitwalo Fastskin, lenye kitambaa cha vijituta, ikieleza kwamba limeiga ngozi ya papa. Wengi wa walioweka rekodi za dunia huko Sydney walikuwa wamelivaa. Dunia ikasadiki kwamba siri ya papa imehamia mwilini mwa binadamu.

Je, ilihamia kweli? Hatuwezi kujibu kwa kuangalia medali, kwa sababu waogeleaji bora ndio waliopewa vazi bora, na mtu hushinda kwa mambo mengi. Inabidi tuanze chini kabisa, kwenye maji yenyewe, tuulize yanamshika mwogeleaji wapi na kwa nini.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya hewa ina gramu moja na kidogo tu. Maji ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800, na kila anayepita ndani yake lazima ayasogeze kando ili apate njia. Sasa tufikiri. Mtu anaogelea, kisha anaongeza mwendo mara mbili. Kila sekunde anakutana na maji mara mbili ya yale ya awali, kwa kuwa anapita umbali mara mbili. Tena kila tone analokutana nalo inabidi alisukume kwa kasi mara mbili. Mbili mara mbili ni nne: kani ya maji inayomzuia imekuwa mara nne. Na kwa kuwa anaishinda kani hiyo katika umbali mara mbili kwa kila sekunde, nguvu anayotoa mwilini inakuwa mara nane. Hii ndiyo sababu mwogeleaji hodari duniani hupita kidogo tu mita 2 kwa sekunde, mwendo ambao mtu yeyote mzima anaushinda kwa kukimbia polepole barabarani. Kuongeza mwendo kwa asilimia 1 tu kunadai nguvu zaidi kwa asilimia 3. Tuishike hesabu hiyo, tutaihitaji.

Ukinzani huo wa maji una milango mitatu, na kila mmoja una tabia yake.

Wa kwanza ni umbo. Jaza maji kwenye pipa, ingiza kiganja kikiwa bapa, ukiburute kwa nguvu. Kisha ukigeuze kikate maji kwa ukingo wake. Tofauti utaisikia begani. Kiganja kikiwa bapa, maji ya mbele yanabanwa, lakini jambo kubwa zaidi hutokea nyuma: maji hayawahi kufunga pengo linaloachwa, yanazunguka ovyo, na shinikizo la nyuma linashuka. Mbele unasukumwa, nyuma unavutwa. Mwangalie jodari au nguru akilazwa sokoni Kilwa Masoko. Mwili wake ni mnene upande wa mbele, halafu unapungua taratibu hadi shingo nyembamba ya mkia. Watu hudhani ncha kali ya mbele ndiyo inayokata maji, kumbe kazi kubwa inafanywa na nyuma, ambako maji yanapewa nafasi ya kurudi pamoja bila kuvurugika. Binadamu hana umbo hilo. Ana kichwa, mabega, kiuno, makalio, magoti, na kila panapobonyea au kutokeza maji hupoteza njia.

Tena binadamu halali sawa majini. Fundi wa Likawage anajua kwamba gogo la mpingo huzama na la mninga uliokauka huelea; kila kitu hulinganishwa na uzito wa maji yaliyosukumwa nacho. Mwili wetu unakaribiana sana na maji, lakini haufanani sehemu zote. Kifua kina mapafu yenye hewa, kinaelea. Miguu ina misuli na mifupa, inazama. Mwogeleaji anayeacha miguu ishuke anayaonyesha maji mwili mpana zaidi, na analipa kwa kila mita.

Mlango wa pili ni mawimbi. Jahazi likikata maji, angalia mafungu mawili ya mawimbi yanayotoka kwenye omo yakipanuka hadi nyuma. Mawimbi hayo yanabeba nishati, na aliyeitoa ni upepo uliolisukuma jahazi. Mwogeleaji wa juu ya maji naye huinua mawimbi, na kwa mwendo wa mashindano ukinzani wa mawimbi hayo huweza kufika nusu ya ukinzani wote. Akizama kiasi, mawimbi yanakoma. Ndiyo maana waogeleaji wakitoka ukutani hukaa chini wakipiga miguu yote miwili pamoja kwa kuukunja mwili juu na chini, mwendo wa pomboo, na ndiyo maana kanuni zinawaruhusu mita 15 tu za kufanya hivyo katika mitindo huru, ya kipepeo na ya chali. Bila mpaka huo, mashindano yangehamia chini ya maji.

Mlango wa tatu ni msuguano wa ngozi, na hapa ndipo papa anapoingia. Nitakaa hapa zaidi.

Maji yanayogusa ngozi hayatelezi juu yake. Yanaganda nayo na kusafiri nayo. Tabaka linalofuata linasafiri na mwili kwa kasi ndogo kidogo, lifuatalo kwa kasi ndogo zaidi ya hapo, mpaka unafika maji yaliyotulia. Matabaka hayo yanakwaruzana, na kukwaruzana huko, kunakotokana na mnato wa maji, ndiko kunakovuta ngozi nyuma. Kama matabaka yangebaki yamepangika, msuguano ungekuwa mdogo. Hayabaki. Washa udi chumbani pasipo upepo uone: moshi unapanda umenyooka, halafu ghafla unavunjika na kuanza kujisokota. Osborne Reynolds alilichunguza jambo hilo kwa maji huko Manchester mwaka 1883, akipitisha uzi wa rangi ndani ya bomba la kioo. Mwendo ukiwa mdogo, uzi ulinyooka. Mwendo ulipozidi, ulivunjika na kuchanganyika na maji yote. Kwa mwili wenye urefu wa mita mbili unaokwenda mita 2 kwa sekunde, maji ya karibu na ngozi yamekwisha kuvunjika mapema.

Ndani ya vurugu hiyo mna mpangilio uliojificha. Karibu kabisa na ngozi hutokea vizingia vyembamba, vilivyolala kufuata njia ya maji, vikijizungusha ubavuni kwa ubavu. Kila kizingia huyashusha maji ya mbali mpaka yaikwangue ngozi, na huyapandisha yale yaliyokwisha kwenda pamoja nayo. Ubadilishanaji huo ndio unaopandisha msuguano.

Sasa rudisha vijituta vya papa. Vikiwa vyembamba kuliko kizingia, kizingia hakiwezi kuingia mferejini. Kinabaki juu ya ncha za matuta, na maji yaliyomo mferejini yanabaki mapole. Eneo la ngozi limeongezeka, lakini eneo linalokwanguliwa limepungua. Wolf-Ernst Reif, mtaalamu wa visukuku wa Tübingen, alikuwa miongoni mwa waliofafanua vimeno hivi. Dietrich Bechert na wenzake wa Berlin wakapima mabamba yenye matuta maabarani na kupata punguzo la msuguano lililofika karibu asilimia 10. Ni jambo la kustaajabisha, na limethibitishwa mara nyingi: uso wenye mikwaruzo iliyopangwa vizuri unapita majini kwa wepesi kuliko uso laini.

Lakini matuta hayo yana sharti. Ukubwa wa vizingia hutegemea mwendo. Ukienda kasi vinakuwa vidogo. Kwa mwogeleaji wa mita 2 kwa sekunde, hesabu inataka matuta yaliyoachana kwa karibu sehemu ya tano ya milimita. Kwa papa anayechomoka kwa mita 10 kwa sekunde, nafasi hiyo inashuka hadi sehemu ya ishirini na tano ya milimita hivi. Anayenakili ngozi ya papa wa kasi kwa kipimo chake na kumvika binadamu amenakili jibu la swali la mtu mwingine.

Kuna hesabu ya pili, nayo ndiyo nzito zaidi. Kwa mwogeleaji anayekwenda juu ya maji, msuguano wa ngozi ni sehemu ndogo ya ukinzani wote. Umbo na mawimbi vinachukua sehemu kubwa. Tuchukue sehemu moja ya kumi ili tukadirie. Tuseme vazi lina matuta kamilifu na linapunguza msuguano kwa asilimia 10. Asilimia 10 ya sehemu moja ya kumi ni asilimia 1 ya ukinzani wote. Na kwa kuwa kila asilimia 1 ya mwendo hudai asilimia 3 ya nguvu, kama tulivyoona, asilimia 1 ya ukinzani inampa mwogeleaji theluthi ya asilimia 1 ya mwendo. Katika mbio za sekunde 50, hiyo ni sekunde 0.17 hivi.

Usiidharau. Tarehe 14 Agosti 2008, Jason Dunford wa Kenya aliogelea mita 100 za kipepeo katika mchujo wa Olimpiki ya Beijing kwa sekunde 51.14 na kuweka rekodi ya Olimpiki. Haikukaa hata saa moja: katika mchujo huohuo Milorad Čavić wa Serbia akaogelea 50.76. Siku mbili baadaye, katika fainali ambayo Dunford alimaliza wa tano, Michael Phelps alimpita Čavić kwa 50.58 dhidi ya 50.59. Sekunde 0.17 ni mara kumi na saba ya tofauti iliyotenganisha dhahabu na fedha siku ile. (Dunford baadaye aligeukia muziki na kujiita Samaki Mkuu, jina linalomfaa kabisa.)

Kwa hiyo vazi lililoigwa vizuri lingefaa. Tatizo ni kwamba halikuigwa vizuri. Mwaka 2012 Johannes Oeffner na George Lauder wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha jaribio ninalolipenda kwa uaminifu wake. Walichukua ngozi halisi ya papa, wakaibandika kwenye bapa linalotikiswa na mashine ndani ya maji yanayokwenda, kisha wakapima linaogelea kwa kasi gani. Halafu wakaisugua ngozi ileile kwa msasa mpaka vimeno vikaisha, wakapima tena. Bapa lililokuwa likipinda lilikwenda kasi zaidi kwa wastani wa asilimia 12 lilipokuwa na vimeno. Bapa gumu lisilopinda halikupata faida hiyo. Na kitambaa cha Fastskin, kilipojaribiwa upande wa matuta na upande wa ndani, hakikuonyesha faida ya kutegemewa.

Linalosisimua katika majibu hayo ni neno kupinda. Papa haogelei akiwa gogo. Mwili wake wote unayumba, na mkia unapokwenda huku na huku kizingia kikubwa hutokea kwenye ukingo wake wa mbele na kuuvuta kwenda mbele. Ngozi yenye vimeno ilibadilisha kizingia hicho na kuongeza msukumo. Yaani faida ya vimeno ilipanda kwa njia mbili, msuguano kupungua na msukumo kuongezeka, na ya pili inahitaji mwili unaojikunja. Kwa papa mako, Amy Lang wa Chuo Kikuu cha Alabama ameonyesha jambo jingine: vimeno vya ubavuni vimeshikwa kwa ulegevu na huweza kusimama maji yanapoanza kurudi nyuma, vikiyazuia yasiachane na mwili. Hapo ngozi inahudumia mlango wa umbo, ule mkubwa. Kitambaa kilichobana kifua cha mtu hakina kiungo cha namna hiyo.

Kama si matuta, mavazi yaliyolifuata Fastskin yaliongeza mwendo kwa nini? Jibu liko kwenye milango miwili ya kwanza. Februari 2008 Speedo ilitoa LZR Racer, iliyosaidiwa na vipimo vya vitambaa kwenye handaki la upepo la NASA. Ilikuwa na vipande vya poliurethani, mishono iliyounganishwa kwa mawimbi ya sauti badala ya uzi, na mbano mkali kiasi kwamba kuivaa kulichukua dakika nyingi. Mbano uliinyoosha minofu inayotikisika na kuliboresha umbo. Vipande vile na hewa iliyonaswa viliinua mwili, miguu ikapanda, eneo linalokabili maji likapungua. Wapinzani wakafuata kwa mavazi ya poliurethani tupu. Katika mashindano ya dunia ya Roma mwaka 2009 zilivunjwa rekodi 43, na Paul Biedermann wa Ujerumani akamshinda Phelps katika mita 200 kwa dakika 1 na sekunde 42.00.

Tangu tarehe 1 Januari 2010 shirikisho la kimataifa la kuogelea limekubali vitambaa vilivyofumwa tu, kwa wanaume kutoka kiunoni hadi magotini na kwa wanawake kutoka mabegani hadi magotini. Naona walitenda haki. LZR Racer iliuzwa karibu dola 550 za Marekani na ilichakaa upesi. Mashindano yalikuwa yanageuka ya nani anaweza kununua nini. Kijana wa Kilwa anayejifunza kuogelea leo anaweza kupata bila senti moja kile ambacho vazi lile lilikiuza: kichwa kilichotulia kati ya mikono, mgongo ulionyooka, miguu iliyopanda juu. Kocha makini anafundisha hayo kwa kurudiarudia, na kila sentimita ya mguu iliyopanda ina thamani kuliko matuta yote ya kitambaa.

Matuta yenyewe hayakufa. Yanafaa pale ambapo msuguano wa uso ni sehemu kubwa ya ukinzani. Ndege ndefu ni mfano: haina mawimbi ya maji, umbo lake limekwisha kunyooshwa, na karibu nusu ya ukinzani wake wa angani ni msuguano. Tangu 2022 ndege za Boeing 777 za shirika la Swiss zimebandikwa utando wenye matuta uliotengenezwa na Lufthansa Technik na BASF, uitwao AeroSHARK, unaookoa karibu asilimia 1 ya mafuta. Asilimia 1 ya mafuta ya ndege hiyo kwa mwaka mzima ni tani nyingi.

Na chombo cha pwani je? Jahazi lenye shehena likienda polepole linainua mawimbi madogo, hivyo sehemu kubwa ya ukinzani wake ni msuguano wa ubao ulio chini ya maji. Mafundi wa pwani wamelijua hilo muda mrefu. Wakishakalafati, hupaka chini deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na juu ya maji hupaka sifa, mafuta yatokayo kwenye ini la papa. Deheni hulainisha uso na huwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Lakini haidumu. Mwani na viumbe wenye maganda huganda, uso unakuwa na nundu kubwa mara nyingi kuliko vizingia tulivyovieleza, na msuguano unapanda kwa kiwango ambacho hakuna matuta yanayoweza kukifidia.

Hapo papa ana somo la pili, ambalo kwa pwani yetu naliona kubwa kuliko la kwanza. Nyangumi wengine huotwa na viumbe wenye maganda mwilini. Papa hubaki msafi. Anthony Brennan wa Chuo Kikuu cha Florida, akifadhiliwa na jeshi la majini la Marekani lililotaka meli zisizoshikwa na uchafu, alitengeneza uso wenye vijituta vya upana wa mikrometa 2, yaani sehemu ya mia tano ya milimita, vilivyopangwa kwa mfano wa vimeno vya papa. Mbegu za mwani wa kijani zilizokuja kutua juu yake zilipungua kwa karibu asilimia 85 zikilinganishwa na uso laini wa kitu kilekile, bila sumu yoyote.

Jaribio la kuanzia linaweza kufanywa na shule yoyote ya Kilwa Kivinje au Kilwa Masoko. Chukueni mbao tatu za mti mmoja, zenye urefu na upana sawa. Moja ipakwe deheni, moja iachwe tupu, na ya tatu ichorwe mistari myembamba ya kufuata urefu kwa msasa mkavu. Vuteni kila ubao nyuma ya mtumbwi kwa mwendo uleule, kamba ikiwa imefungwa kwenye mizani ya springi, mwandike kani. Kisha zote zitundikwe majini kwa kina kimoja, penye mkondo mmoja, kwa mwezi mzima, na zivutwe tena bila kusafishwa. Vipimo vya mara ya pili vikitolewa vya mara ya kwanza, mtapata kiasi cha kani ambacho bahari imeongeza katika kila ubao.